Mtoto anayemaliza kazi mapema darasani apewe nini?

Wiki chache zilizopita, tulipokuwa tukizungumzia maendeleo ya shule katika kipindi cha asubuhi, mama mmoja alitutumia ujumbe. Aliandika kwamba mwanawe yuko darasa la tatu, na kila akiitwa shuleni anaambiwa jambo lilelile: mtoto wako ni mtundu. Anamaliza hesabu upesi kisha anaanza kuchokoza wenzake. Nyumbani ameshafungua redio ya babu yake akairudishia, na redio ikalia. Mama akauliza: "Huyu mtoto ana tatizo au ana akili nyingi? Na kama ni akili, mimi nimfanyie nini?"

Hewani muda ulikuwa mdogo, tukamjibu kwa kifupi. Makala hii inamjibu kwa urefu, yeye na wazazi wengine walioandika baada yake.

Swali lile lilinigusa kwa sababu nimelipitia. Nikiwa darasa la nne nilikuwa namaliza zoezi mapema. Mwalimu wetu alikuwa na watoto zaidi ya 80 katika chumba kimoja, na dawa yake ilikuwa moja: ananipa chaki, nasimama mbele, naandika majina ya wapiga kelele. Nilifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima. Sikujifunza hesabu yoyote mpya kwa kushika chaki ile, ila nilijifunza kuogopa njia ya kurudi nyumbani, maana niliowaandika walikuwa wananisubiri. Simlaumu mwalimu. Hakuwahi kuonyeshwa kitu kingine cha kumpa mtoto aliyemaliza.

Kitu hicho kingine kipo. Zipo nchi ambazo zimekifanyia kazi kwa miaka mingi katika shule za msingi, hasa Marekani. Tuangalie wanachofanya darasani, maana sehemu kubwa yake haihitaji kompyuta wala fedha.

Ni watoto gani hawa?

Hapa Tanzania tukisema "vipaji maalumu" wengi wetu tunafikiria shule za sekondari kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile za Tabora. Huko mtoto hufika akiwa ameshafaulu sana mtihani. Lakini kabla ya hapo kuna miaka ya shule ya msingi, ambapo mtoto mwepesi na mtoto wa kawaida wako dawati moja na zoezi moja.

Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayolazimisha kila shule iwe na programu ya watoto wenye vipaji. Kila jimbo na kila wilaya huamua. Kwa hiyo mambo hutofautiana. Mahali pengine watoto waliochaguliwa hutoka darasani kwa saa chache kila wiki, wakaenda kwenye chumba chenye mwalimu wao maalumu. Mahali pengine hubaki darasani humohumo lakini hukusanywa kikundi kimoja. Na mahali pengine huwa na darasa lao kabisa.

Na nani anahesabiwa kuwa na kipaji? Joseph Renzulli, profesa wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alitoa maelezo mwaka 1978 ambayo bado yanatumika sana. Kwa mtu wa hapa kwetu ni rahisi kuyakumbuka kwa mafiga matatu. Figa la kwanza ni uwezo ulio juu ya wastani, si lazima uwe wa ajabu. La pili ni ubunifu. La tatu ni kung'ang'ania kazi mpaka iishe. Sufuria haikai juu ya figa moja. Mtoto anayepata alama nyingi lakini hajawahi kuanzisha jambo lake mwenyewe ana figa moja tu, na yule aliyefungua redio akairudishia huenda anayo yote matatu, hata kama daftari lake ni chafu.

Kwanza, asirudie anachokijua

Kazi ya kwanza katika programu hizi hufanyika kabla hata ya mchezo au fumbo lolote. Mwalimu hupima mtoto anajua nini tayari, kisha humpunguzia.

Mwaka 1993 watafiti wa Connecticut, wakiongozwa na Sally Reis, walitoa matokeo ya utafiti waliofanya na walimu wa shule za msingi. Walimu hao waliombwa wachague wanafunzi wao wepesi na kuwaondolea masomo ambayo tayari waliyafahamu. Waliweza kuondoa takriban asilimia 40 hadi 50 ya masomo ya kawaida ya watoto hao, na alama zao za mitihani hazikushuka. Yaani karibu nusu ya muda, mtoto alikuwa anafundishwa anachokijua.

Njia moja rahisi ya kupunguza imeenezwa na mwalimu Susan Winebrenner. Tuiite "Ngumu Kwanza". Tuseme zoezi ubaoni lina maswali 15. Mwalimu anaweka nyota kwenye matano yaliyo magumu kuliko yote. Mwanafunzi yeyote anayetaka anaruhusiwa kuanza na hayo matano. Akipata manne au yote matano bila kusaidiwa, amethibitisha kwamba anaijua mada, na yale kumi mengine hana haja ya kuyafanya. Akishindwa, anaendelea na zoezi kama wenzake, bila aibu yoyote.

Njia hii ina faida tatu. Haihitaji karatasi ya ziada. Haimtaji mtoto yeyote kwa jina kuwa ndiye mwenye akili, kwa kuwa mlango uko wazi kwa darasa zima. Na mwalimu anabaki na daftari moja la kusahihisha maswali matano badala ya 15.

Lakini muda uliookolewa lazima uwe na kazi. Makosa hutokea hapa. Makosa ya kawaida kabisa ni kumwongezea mtoto maswali mengine 20 ya aina ileile. Mtoto hujifunza upesi kwamba ukimaliza mapema unaadhibiwa kwa kazi zaidi, basi naye anaanza kufanya polepole. Kosa la pili ni kumfanya msaidizi wa mwalimu kila siku: asahihishe, aandike majina, afundishe wenzake. Kumfundisha mwenzako mara mojamoja ni jambo jema. Kila siku, inakuwa mtoto mmoja amekosa shule.

Maswali yasiyokwisha kwa haraka

Sasa anapewa nini? Kundi la kwanza la kazi ni mafumbo na maswali ambayo wepesi peke yake hautoshi.

Yapo mafumbo ya mantiki. Mfano: Asha, Juma na Neema kila mmoja anachunga mnyama mmoja tu: mbuzi, kuku au ng'ombe. Asha hachungi ng'ombe. Mnyama wa Juma ana miguu miwili. Nani anachunga nini? Mtoto huchora jedwali, majina upande mmoja na wanyama upande mwingine, akaweka alama ya kosa kila panaposhindikana mpaka jibu linabaki lenyewe. Katika madarasa ya Marekani watoto huanza na fumbo la watu watatu, wakafika la watu watano wenye mambo manne kila mmoja. Hatua inayokuja baadaye ndiyo nzito zaidi: mtoto atunge fumbo lake awape wenzake. Akitoa vidokezo vichache mno, majibu yatakuwa mawili. Akitoa vingi mno, halitakuwa fumbo. Kutunga kunamfikirisha kuliko kufumbua.

Nasi tunayo yetu. Wengi tulisimuliwa nyumbani juu ya mtu mwenye chui, mbuzi na majani, mbele yake mto, na mtumbwi unaobeba yeye na kimoja tu. Akiacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Kwa kawaida mtoto akishapata jibu tunampigia makofi na hadithi imekwisha. Mwalimu wa programu hizi angeanzia hapo. Angeuliza: umevuka mara ngapi? Mara saba. Je, inawezekana kwa mara chache zaidi? Kama haiwezekani, nionyeshe kwa nini haiwezekani. Swali la kwanza ni la dakika tano. Hilo la mwisho linaweza kuchukua siku mbili.

Hesabu nazo hugeuzwa hivyohivyo. Badala ya kuuliza 200 jumlisha 300 ni ngapi, mtoto anapewa sarafu zetu: shilingi 50, 100, 200 na 500. Anaambiwa: tafuta njia zote za kutimiza shilingi 500, na unihakikishie kwamba hakuna uliyoisahau. Jibu nitalitaja mwishoni. Jaribu kwanza wewe mwenyewe, ukiwa na kalamu.

Swali ambalo mwalimu naye hana jibu

Kundi la pili ni mjadala. Shirika la Great Books Foundation la Chicago, lililoanzishwa mwaka 1947, lina programu ya kusoma kwa watoto ambayo hutumika sana katika madarasa haya. Watoto husoma hadithi moja mara mbili, wakakaa duara. Mwalimu huuliza swali moja ambalo yeye mwenyewe kwa kweli hana uhakika nalo. Mtoto akijibu, lazima aonyeshe ni mahali gani katika hadithi panapomfanya aseme hivyo. Mwenzake anaweza kumpinga, naye pia aonyeshe mahali. Mwalimu hasemi nani amepata na nani amekosa.

Kwa shule zetu, hadithi za Sungura na Fisi zinatosha kabisa. Sisi tumezoea kuuliza: Sungura alimdanganya Fisi kwa njia gani? Jibu liko kwenye mstari wa nne, mtoto analinyofoa na kulirudisha. Sasa uliza: Je, Sungura ni mwerevu au ni tapeli tu? Kama jirani yako angefanya alichofanya Sungura, ungemsifia? Hapo darasa linagawanyika. Na mara nyingi anayesema jambo la maana ni yule mtoto wa nyuma ambaye kuandika kunampa shida, lakini kufikiri hakumpi shida hata kidogo.

Historia ya taa, saa na nguo

Kati ya kazi zote nilizosoma, hii ndiyo iliyonipendeza zaidi, na ni ya zamani.

Mwanzoni mwa mwaka 1936 mjini New York ilifunguliwa shule ya majaribio iliyoitwa Speyer, kwa ushirikiano wa mamlaka ya elimu ya jiji na chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia. Mshauri wake alikuwa mwanasaikolojia Leta Hollingworth, mwanamke aliyezaliwa Nebraska mwaka 1886. Katika jengo moja kulikuwa na madarasa ya watoto wanaojifunza polepole na madarasa mawili ya watoto wepesi sana, 25 kila darasa, wengi wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 9 walipoingia.

Hollingworth alikuwa amewatazama watoto wa namna hii kwa miaka mingi. Maoni yake yalikuwa kwamba mtoto mwepesi sana akiwekwa katika darasa la kawaida hupoteza karibu nusu ya muda wake, na wale wepesi kupita kiasi hupoteza karibu muda wote. Kwa hiyo pale Speyer masomo ya kawaida yalichukua takriban nusu ya siku. Swali likawa: ile nusu nyingine ijazwe nini?

Wengine wangesema wafundishwe masomo ya darasa la juu. Hollingworth hakutaka. Alitaka wajue jinsi vitu vinavyowazunguka vilivyofika hapo vilipo. Kazi hiyo iliitwa historia ya mabadiliko ya vitu vya kawaida. Watoto walisoma habari za chakula, nguo, nyumba, usafiri, taa, saa, zana za kazi, biashara, mawasiliano, usafi na afya, sheria, hata adhabu. Walikaa kwenye mada moja kwa wiki nyingi. Walitafuta wenyewe vitabuni, walikwenda makumbusho, walichora, waliandika, wakaelezana. Pamoja na hayo walisoma maisha ya watu mashuhuri na lugha ya Kifaransa.

Mtu anaweza kudharau: mtoto mwenye akili nyingi unampa taa asome? Hebu jaribu. Watu walimulika kwa nini kabla ya umeme? Kwa nini utambi unanyonya mafuta kwenda juu badala ya kushuka? Nani wa kwanza kuleta karabai katika kijiji chetu, na ilikuwa mwaka gani? Kibatari kinatumia mafuta ya shilingi ngapi kwa mwezi, na taa ya sola inarudisha gharama yake baada ya miezi mingapi? Humo mna sayansi, historia, hesabu na uandishi, na kitabu cha kuanzia ni bibi aliyekaa barazani. Mtoto akitaka mada nyingine, kuna jembe, mtungi, kanga, baiskeli, pesa.

Hollingworth alisisitiza jambo jingine. Aliona watoto wepesi wana hatari ya kuwa na dharau au kuwa wapweke, kwa hiyo wafundishwe pia kuishi na watu wasioelewa upesi kama wao, kwa uvumilivu. Alifariki mwaka 1939, kabla watoto wake wa Speyer hawajawa watu wazima. Programu nyingi za leo bado zina alama za mikono yake.

Utafiti wa kweli, kwa watu wa kweli

Renzulli, yule wa mafiga matatu, mwaka 1977 alipanga kazi za darasani katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kuonja. Mgeni anakuja shuleni kuzungumza, watoto wanatembelea mahali, wanaona kitu kisichomo katika vitabu vyao. Ngazi ya pili ni kufundishwa mbinu: namna ya kuuliza maswali, kupima, kuandika kumbukumbu, kumhoji mtu. Ngazi ya tatu ni mtoto, au kikundi kidogo, kuchagua tatizo la kweli na kulichunguza kama mtafiti anavyochunguza, kisha kupeleka matokeo kwa watu wanaoyahitaji. Ngazi mbili za kwanza, kwa maelezo ya Renzulli, ni za watoto wote. Ya tatu ni ya yule aliyewaka moto kwa jambo fulani.

Tofauti ya ngazi ya tatu na "kazi mradi" tunayoijua ni mahali inapoishia. Kazi mradi huishia kwa mwalimu, akaweka alama, ikafunikwa na vumbi juu ya kabati. Huku lazima kuwe na mtu wa kuisoma au kuisikia ambaye si mwalimu.

Kwa kijijini mifano haikosi. Watoto watatu wanaweza kukata chupa ya plastiki, wakaiwekea alama za milimita, na kupima mvua kila asubuhi kwa miezi miwili, kisha wakawasomea wakulima kwenye mkutano. Wengine wanaweza kuhesabu watu kwenye foleni ya bomba kila saa kwa wiki moja, wakachora chati, na kumpelekea mwenyekiti wa kijiji waseme: bomba likifunguliwa saa 11 alfajiri badala ya saa moja, foleni itapungua kiasi hiki. Mtoto aliyefanya kazi hiyo hana muda wa kuchokoza mtu. Na kijiji kimepata jambo.

Kujenga bila mkono wa mtu mzima

Kundi la mwisho ni la kubuni na kujenga. Mwaka 1978 Sam Micklus, profesa wa chuo kimoja cha New Jersey, alianzisha mashindano ambayo leo yanaitwa Odyssey of the Mind. Yameenea nchi nyingi. Moja ya kazi zake maarufu ni kujenga kwa vijiti vyembamba vya mbao laini umbo jepesi sana, kisha kulirundikia vyuma mpaka livunjike. Umbo linalobeba mzigo mkubwa zaidi ndilo linaloshinda.

Sheria kali ya mashindano haya ni kwamba mtu mzima haruhusiwi kusaidia. Si kwa wazo, si kwa msumari. Mwalimu anaweza kufundisha kutumia msumeno, lakini hawezi kusema "weka kijiti pale".

Darasani kwetu kurasa nne za gazeti kuukuu zinatosha, au mabua ya mtama na kamba za katani. Kila kikundi kijenge daraja kati ya madawati mawili. Kisha wekeni kokoto mojamoja. Waulizeni watoto kabla ya kuanza: lipi litabeba zaidi, na kwa nini? Baada ya kuvunjika, waulizeni: lilianza kuvunjikia wapi? Halafu wapewe nafasi ya kujenga mara ya pili. Hiyo mara ya pili isirukwe. Mtoto mwepesi aliyezoea kupata kila kitu mara ya kwanza anahitaji kushindwa kidogo mahali salama, kabla hajakutana na kushindwa huko sekondari bila kukizoea.

Mtego wa kuchagua

Programu hizi hazikosi lawama, na lawama kubwa ni juu ya nani anaingia.

New York kwa miaka mingi iliwapima watoto wa miaka 4 ili kuwapangia madarasa ya wenye vipaji. Wazazi wenye uwezo waliwalipia watoto wao masomo ya kujiandaa na mtihani huo. Watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walikuwa wachache sana katika madarasa hayo ukilinganisha na idadi yao mashuleni. Mwaka 2021 jiji liliacha mtihani ule. Singapore nayo ilianza programu yake mwaka 1984, ikichukua takriban asilimia 1 ya watoto wa darasa la tatu kwa mtihani na kuwakusanya katika shule chache. Agosti 2024 serikali yake ilitangaza kuubadili mfumo huo, ili kila shule ya msingi iwe na kazi za namna hii kwa watoto wake.

Mfano wa kufundisha zaidi unatoka wilaya ya Broward, jimbo la Florida. Zamani mtoto alipelekwa kupimwa kama mwalimu au mzazi amempendekeza. Mwaka 2005 wilaya ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili kwa kipimo cha michoro kisichotegemea lugha. Wachumi David Card na Laura Giuliano walichunguza matokeo. Idadi ya watoto wa familia maskini walioingia katika programu iliongezeka zaidi ya maradufu. Watoto hao walikuwapo siku zote. Macho ya watu wazima ndiyo yalikuwa yanawapita.

Kwetu macho hayo hupita wapi? Humpita msichana anayechelewa kila siku kwa sababu ya kuchota maji. Humpita mtoto anayeongea lugha ya nyumbani vizuri sana na Kiswahili bado kinamsumbua. Humpita mchungaji mdogo anayejua ng'ombe 40 kwa rangi, kwa mama zao na kwa tabia, lakini daftari lake lina kurasa tupu. Ndiyo maana kazi nilizozieleza ni afadhali zipewe darasa zima. Mwalimu akae pembeni atazame nani anawaka, na huyo ndiye ampeleke ngazi inayofuata. Kazi yenyewe inakuwa ndiyo kipimo.

Ukiwa mzazi, anzia hapa

Nenda kwa mwalimu, msalimie, na usianze kwa kusema "mwanangu ana akili kuliko wenzake". Mwalimu mwenye watoto 90 hahitaji kuambiwa hivyo. Sema: "Mwalimu, najua una kazi kubwa. Akimaliza mapema, naomba umruhusu ashike daftari hili." Mpe mtoto daftari moja la pembeni, la mafumbo, michoro na maswali yake. Mtoto mwenye kazi mkononi hamsumbui mwalimu, kwa hiyo hata mwalimu atafurahi.

Nyumbani, usimjibu kila anachouliza. Mwambie, "Unadhani ni kwa nini? Tutajuaje?" Mtafutie mtu wa kumwuliza: fundi baiskeli, nesi wa zahanati, bwana shamba. Mcheze bao pamoja naye. Mchezaji anayehesabu kete zitaishia shimo gani kabla hajaziinua anafanya kazi ya akili sawa na mafumbo yoyote ya huko nje.

Na uwe makini namna unavyomsifia. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa utafiti waliofanya na watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwamba wana akili walichagua kazi rahisi baadaye, na walipokutana na ngumu walivunjika moyo. Waliosifiwa kwa kujitahidi walichagua ngumu na wakaendelea. Kwa hiyo mwambie, "Umekaa na hili fumbo siku mbili, nimeona." Usimwambie, "Wewe kichwa."

Sasa, mama uliyetuma ujumbe, hili hapa jibu la sarafu. Ukianza na zile kubwa: sarafu ya 500 peke yake ni njia 1. Ukiwa na za 200 mbili, shilingi 100 inayobaki ina njia 2. Ukiwa na ya 200 moja, 300 inayobaki ina njia 4. Bila ya 200 yoyote, kuna njia 6. Jumla ni 13.

Leo jioni, chakula kikiwa jikoni, mpe mwanao swali hili. Huenda akakuletea njia nane au tisa na kusema amemaliza. Usimtajie zilizobaki. Muulize tu, "Umejuaje kwamba zimekwisha?" Kisha mwache aende nalo kitandani. Akikujibu, tutumie ujumbe, tutamsoma hewani.